Jinsi ya kuandaa kikao cha maombi na mazungumzo ya siasa kwa makanisa jirani

Kikao chetu cha kwanza kilivunjikia kwenye maombi. Mjadala wenyewe hata hatukuufikia. Ndugu mmoja alisimama, akafumba macho, akaomba hivi: "Bwana, uwafumbue macho wenzetu humu ndani wanaowafuata wezi." Nyuma yake mtu akaitika "Amina" kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na kabla hajanyamaza dada mmoja wa upande wa pili akadakia kuomba, naye akimsomea Mungu makosa ya chama kile kingine. Nilipofumbua macho nilikuta wengi wameshafumbua yao. Dakika kumi baadaye ukumbi ulikuwa mtupu.

Tangu siku hiyo nimeratibu vikao vingi vya makanisa ya madhehebu tofauti, na utaratibu ninaouandika hapa umetokana na kukosea na kurekebisha. Nilichojifunza zaidi ya vyote ni kwamba ukiyapanga maombi vizuri, mjadala husimama. Ukiyaacha yaende ovyo kwa kuwa eti mambo ya kiroho hayapangwi, hakuna kanuni ya mjadala itakayokuokoa.

Hatua ya 1: Viongozi wakae kwanza

Usitangaze chochote kabla wachungaji, mapadre na wazee wa makanisa yanayohusika hawajakaa pamoja angalau mara mbili. Makanisa matatu yanatosha kuanza. Wakiwa saba au nane, mwezi mzima utaishia kwenye kutafuta tarehe.

Kikao cha viongozi kitoke na ukurasa mmoja wa makubaliano uliotiwa saini na kila kanisa. Wetu una mambo manne: hatutamtaja mgombea wala chama kwa kukisifu au kukilaani; hatupokei fedha, vifaa wala usafiri kutoka kwa mwanasiasa; kiongozi wa dini anayegombea cheo, au ambaye ndugu yake wa karibu anagombea, hataongoza kikao; na kanisa lolote linaweza kujitoa kwa barua bila kuulizwa maswali. Hilo la mwisho wengi hulishangaa. Nimeona kwamba mlango ukiwa wazi watu hutulia, na mpaka sasa hakuna aliyeutumia.

Muulize pia mshirika anayejua sheria: je, kanuni za usajili wa kanisa lenu zinasema nini kuhusu siasa, na je, mkutano wa namna hii unahitaji taarifa kwa mamlaka? Nchi hazilingani. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 1954 iliweka katika sheria ya kodi katazo kwa mashirika yaliyosamehewa kodi, makanisa yakiwemo, kumpigia debe au kumpinga mgombea. Kwingine katazo limo kwenye sheria ya vyama vya siasa au ya uchaguzi. Lijue la kwenu kabla hujakodi viti.

Hatua ya 2: Tafuta swali

"Mkristo na siasa" ni kichwa cha mahubiri. Kikao kinahitaji swali ambalo watu wazima wenye akili timamu na imani moja wanaweza kulijibu tofauti, na ambalo jibu lake lina kitu cha kufanya kesho asubuhi. "Kwa nini zahanati inakosa dawa wakati bajeti imepitishwa, na sisi tumwulize nani?" Hilo ni swali. "Wakimbizi waliofika mwezi uliopita wana haki gani kisheria, na kanisa lina wajibu gani kwao?" Hilo pia ni swali.

Mimi hulipima swali kwa kulisoma mbele ya watu wawili ninaojua hawapigi kura upande mmoja. Mmoja akinuna kabla sijamaliza kusoma, swali limebeba jibu ndani yake, nami narudi kuliandika upya.

Hatua ya 3: Muda na viti

Saa mbili, zisizidi. Dakika 25 za maombi na Neno, 15 za mtu anayelijua jambo kueleza hali ilivyo, 40 za vikundi, 20 za wote pamoja, na 20 za kurudi kwenye maombi. Kikao kizunguke, leo kanisa hili, mara nyingine lile. Msikifanye baada ya ibada ya Jumapili, maana wenyeji watajaza ukumbi na wageni watakaa nyuma kama watazamaji. Wiki mbili za mwisho kabla ya kura sisi hukutana kwa maombi tu, bila mjadala.

Viti vipangwe duara ndogo ndogo za watu sita. Waliokuja na gari moja wasikae duara moja.

Hatua ya 4: Maombi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nami nitakaa kidogo.

Kwanza, mada za maombi ziandikwe mapema, ziwe fupi, na zisomwe na mtu mmoja. Sisi hutumia nne: toba yetu wenyewe, watawala kwa vyeo vyao, walioumizwa na jambo tunalolijadili, na wale wasiokubaliana nasi. Toba hutangulia kwa makusudi. Nehemia aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, alijihesabu yeye na nyumba ya baba yake miongoni mwa waliokosa kabla hajaomba lolote kuhusu mfalme.

Kuhusu watawala, mwombeeni aliye madarakani hata kama mnamwona mbaya. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unaagiza maombi kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, na walioagizwa hivyo waliishi chini ya dola ya Roma ambayo haikuwa ya Kikristo hata kidogo. Yeremia, sura ya 29, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli kwamba wautafute usalama wa mji ule ule uliowateka na kuuombea. Kumwombea mtawala si kumpigia kura. Lisemeni hilo wazi mwanzoni mwa kila kikao, kwa sababu kila mara kuna mtu mpya anayedhani tofauti.

Pili, wekeni kanuni ya sentensi. Kwetu inasomeka hivi: usimwambie Mungu jambo ambalo hungemwambia jirani yako aliye kulia kwako, macho yakiwa wazi. Kanuni hii peke yake ingekiokoa kikao chetu cha kwanza. Sala yenye mwiba ni silaha nzito kuliko hoja, kwa sababu anayepigwa nayo hawezi kujibu bila kuonekana anabishana na Mungu. Ikitokea, mwongozaji asimkemee mtu. Aseme tu kwa sauti ya kawaida, "Tuingie mada inayofuata," kisha amfuate mhusika pembeni baadaye.

Tatu, wawili wawili. Kila mtu akiingia mlangoni hupewa karatasi ndogo, huandika haja moja ya maisha yake isiyo ya siasa, na kuitia kikapuni. Katikati ya maombi kila mmoja huokota karatasi, humtafuta mwenyewe, na huomba naye kwa dakika tano. Nakumbuka wazee wawili ambao kwa mwaka mzima walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya uchaguzi. Mmoja aliokota karatasi yenye maneno matatu: "Macho ya mke." Aliishika karibu na taa, akaisoma mara mbili, akatembea taratibu akiuliza ni ya nani. Mwenzake alipoinua mkono, yule aliyeishika karatasi alisimama pale muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Kisha akavuta kiti. Sikusikia walichoomba. Kwenye mjadala waliendelea kupingana vikali kuhusu bajeti, lakini kila mmoja alimwita mwenzake kwa jina, na mmoja alipokatizwa na kijana, aliyesema "mwache mzee amalize" alikuwa yule mwingine.

Nne, msiache. Chagueni siku na saa, mzishike. Katika kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, iliyokuwa Ujerumani Mashariki, maombi ya amani ya kila Jumatatu saa 11 jioni yalianza mwaka 1982. Kwa miaka mingi waliohudhuria walikuwa wachache. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliingia barabarani baada ya maombi hayo, wakiwa na mishumaa, na vyombo vya dola vilivyokuwa vimejipanga havikufyatua risasi. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa mwezi uliofuata. Wanaoisimulia habari hii huanzia 1989. Mratibu aanzie kwenye zile Jumatatu za watu wachache.

Hatua ya 5: Neno lisomwe kwa sehemu mbili

Msomaji asome vifungu viwili vinavyovutana, siku hiyo hiyo. Ukisoma Warumi 13 kuhusu kutii mamlaka, soma na Matendo 5:29, mitume wanapojibu kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kifungu kimoja kilichotengwa na vingine kinaweza kubebeshwa mzigo wowote. Kuna makanisa Afrika Kusini yaliyoutetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia mkononi kwa miongo mingi. Mwaka 1982 muungano wa kimataifa wa makanisa ya Reformed (ya mapokeo ya Calvin), ukikutana Ottawa, Kanada, ulitamka kwamba utetezi huo ni uzushi. Maelezo ya Neno yasizidi dakika saba, na asiyatoe mwenye tabia ya kuhubiri tu.

Hatua ya 6: Mjadala

Kanuni zetu ni chache. Anza na ulichokiona au kilichokupata, ndipo useme unachoamini. Kabla ya kumpinga mtu, rudia hoja yake mpaka mwenyewe akiri, "Ndiyo, nilisema hivyo." Dakika mbili kwa mzungumzaji, na mshika saa awe kijana asiyeogopa wakubwa. Wachungaji wazungumze mwisho. Mchungaji akianza, washirika wake watamuunga mkono na wa makanisa mengine watanyamaza kwa heshima, na hapo mjadala umekwisha kabla haujaanza.

Kukizuka joto, msikimbilie wimbo wala maombi ya kuzima moto. Watu wakizoea hivyo, maombi yatakuwa njia ya kunyamazishana. Mwongozaji asimame, aombe ukimya wa dakika moja, kisha amuulize aliyekasirika: "Ni neno gani lililokuumiza?" Mara nyingi ni neno moja tu, na mara nyingi aliyelisema hakujua.

Kabila na rangi ya mtu visitumike kama hoja. Hapa mwongozaji asiwe mpole, akate papo hapo. Rwanda, mwaka 1994, watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na wapo waliouawa na watu waliokuwa wakisali nao. Anayesema "sisi ni Wakristo, hayo hayatufikii" asomewe hilo.

Simu zibaki mfukoni. Kumbukumbu ziandikwe bila majina ya wasemaji: "ilisemwa kwamba..." Kundi la WhatsApp liwe la matangazo tu, na waratibu pekee ndio waandike humo.

Hatua ya 7: Mwanasiasa akija

Atakuja. Mpokee kama mshirika mwingine: apewe karatasi, aandike haja yake, akae duara la watu sita. Hakuna kiti cha mbele, hakuna kipaza sauti, hakuna "mheshimiwa atusalimie kidogo." Mkitaka kuwahoji wagombea, waandikieni wote barua moja yenye maswali yale yale na siku ile ile, na majibu yasomwe na mtu wenu kwa mpangilio wa alfabeti. Asiyejibu, semeni tu kwamba hakujibu.

Hatua ya 8: Azimio moja

Kikao kitoke na jambo moja tu, lenye mtu na tarehe. Barua kwa ofisi husika, ziara ya watu watatu, ombi la kuona hesabu zilizotangazwa hadharani. Jioni ya tarehe 5 Desemba 1955, watu waliofurika kanisa la Holt Street Baptist mjini Montgomery, Marekani, waliimba, wakaomba, wakamsikiliza mchungaji Martin Luther King, na wakaondoka na uamuzi mmoja: kuendelea kutopanda mabasi yaliyowabagua watu weusi. Mgomo ule ulidumu siku 381, na uliwezekana kwa sababu kulikuwa na mpango wa kuwabeba watu kazini kwa magari, mengine yakiwa yamesajiliwa kwa majina ya makanisa. Kumbuka magari hayo pale wenzako watakapotaka kupitisha maazimio kumi na mawili.

Dakika 20 za mwisho zirudi kwenye maombi, na safari hii mada zitokane na yaliyosemwa. Mtu wa kila duara ataje jambo moja alilolisikia kutoka kwa asiyekubaliana naye, kisha aliombee hilo.

Kikao kinachofuata kifunguliwe na katibu, kabla ya wimbo na kabla ya sala. Asome azimio lililopita, tarehe ya barua, aliyeipeleka, na jibu lililopatikana. Kama hakuna jibu, aseme hakuna, na ataje siku atakayorudi kuuliza. Baada ya hapo ndipo kikapu kipite.