Kiwiko changu kilichozoea kupaa

Nilifundishwa kupiga bunduki nikiwa nimesimama ubavu: bega la kushoto mbele, kiwiko cha kulia kimeinuka usawa wa bega, mkono wa kushoto umekamata karibu na magazini, lile kasha la risasi. Nilipiga hivyo miaka 19. Risasi moja moja hazikunisumbua. Taabu ilikuja nilipotakiwa kupiga mbili za haraka, maana ya kwanza iliingia katikati, ya pili ikapaa juu kuliani.

Kama nawe unataka kubadilika, usimame kifua mbele, kwanza toa magazini, vuta mtambo, chungulia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine, na mtutu uelekee upande salama hata kama bunduki ni tupu. Mimi wiki mbili za mwanzo sikufyatua hata moja.

Anza na miguu. Nilianza na mikono, nikapoteza muda bure. Kifua kitazame shabaha, miguu iachane upana wa mabega, wa kulia urudi nyuma nusu hatua. Legeza magoti, egemea mbele kidogo, uzito usikae kwenye visigino. Ukiwa huna bunduki mkononi, mwambie mwenzako akusukume kifuani kwa kiganja. Ukirudi nyuma hatua, bunduki nayo itakurudisha.

Halafu kitako cha bunduki. Kitoe pembeni mwa bega, kisogee karibu na mtulinga, na kiwe juu kiasi kwamba darubini inakufuata jichoni, si wewe uinamishe shingo kuitafuta. Kiwiko kishuke. Changu nilikigonga kwenye ubao wa kujikinga mara mbili siku moja ndipo kikakubali.

Mkono wa mbele usogeze mbele, lakini usinyooshe kiwiko kikakaza. Wapo wanaoupeleka mpaka mwisho na kulaza gumba juu. Nilijaribu; bega lilichoka upesi na vidole vikaungua, kwa kuwa huko mbele mtutu ukishapiga sana hupata moto. Nimebaki katikati, na ile risasi ya pili sasa inatua karibu na mwenzake.

Usitupe usimamaji wa zamani, hata hivyo. Wapigaji wa bunduki za upepo za mita 10 kwenye Olimpiki husimama ubavu mpaka leo, mkono wa mbele umeegemea ubavuni au nyonga, kwa sababu wao hutafuta utulivu, si kasi. Nami nikishika bunduki nzito ya kulenga taratibu hurudi hukohuko.

Ila nikichoka, kiwiko hupaa chenyewe. Mwenzangu ameacha kuniambia, hukohoa tu.