Kutia patasi ugumu: tazama kivuli motoni

Swali la kwanza la wanafunzi wangu huwa: chuma kiive rangi gani? Rangi peke yake siiamini. Wekundu unaong'aa gizani huwezi hata kuuona juani. Mimi nataka ujue atomi zinafanya nini.

Tumia feleji (chuma cha pua) yenye kaboni asilimia 0.6 hadi 1. Chuma chenye kaboni kidogo hakishiki ugumu, ukizamishe utakavyo.

Feleji ikiwa baridi, atomi zake hujipanga kwa michemraba yenye atomi moja katikati. Hii ndiyo feraiti. Kaboni karibu haina nafasi humo, hivyo hujitenga pembeni kama kabidi, yaani mchanganyiko wa chuma na kaboni. Kuanzia nyuzi 727 za Selsiasi mpangilio hugeuka: katikati pako wazi, atomi zinakaa kwenye nyuso za mchemraba. Hiyo ni austenaiti, nayo huimeza kaboni.

Punguza mwanga, kisha pasha patasi polepole. Utaona kivuli cheusi kikitembea ndani ya wekundu. Ndiyo mabadiliko yenyewe hayo: fuwele zinanyonya joto ili zijipange upya, kwa hiyo sehemu hiyo inachelewa kung'aa. Hakuna dalili ninayoipenda kama hii. Kikishapita, jaribu sumaku, austenaiti hainasi. Ongeza joto kidogo tu, subiri kaboni isambae. Ukizidisha, chembe za fuwele hunenepa na makali yatakuja kumeguka.

Zamisha wima ndani ya mafuta ya kupikia yenye joto la nyuzi 50 hivi. Vaa glavu na miwani, na uwe na kifuniko cha chuma karibu, maana mafuta huweza kuwaka. Chuma kikipoa taratibu, kaboni hupata muda wa kujitenga tena. Kikipoa ghafla, kaboni hunaswa mahali ilipo, mchemraba ukavutika upande mmoja: martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Pitisha tupa, ikiteleza bila kula, umefaulu.

Ila martensaiti mbichi huvunjika upesi, hata kupasuka yenyewe, kwa hiyo usiiache ilale hivyo. Ing'arishe kwa msasa, uipashe kuanzia upande wa mpini. Hapa rangi inaaminika, kwa sababu ni utando wa oksidi unaonenepa kadiri joto linavyopanda: manjano hafifu kwenye nyuzi 220 hivi, bluu karibu na 300. Patasi ya mbao iondoe motoni manjano yanapofika kwenye makali. Tindo ya kukatia chuma hupigwa nyundo kwa nguvu, basi iache hadi zambarau.