AC ya gari la zamani haileti baridi: kabla hujasema "niongezee gesi"

Kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza, Tabora ukifungua kioo cha gari unakula vumbi, ukifunga unaiva. Ndiyo miezi wenye Corolla 110, Carina na Mark II za zamani wanakumbuka kwamba gari lina kitufe cha AC. Wanabonyeza, kinatoka kijoto, moja kwa moja gereji: "Fundi, niongezee gesi."

Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka humohumo kwenye mfumo uliofungwa. Ikipungua, kuna mahali imetokea. Kweli, mipira ya gari la miaka 20 na zaidi hupitisha gesi kidogokidogo, hivyo kuongeza baada ya miaka kadhaa si ajabu. Ila anayeongeza kila baada ya miezi miwili anamlipa fundi ili ampulizie gesi angani. Na magari mengi yanayokuja na wimbo huo shida yake hata si gesi. Fuata mpangilio huu, hatua nne za mwanzo karibu zote hazihitaji kifaa.

Hatua ya 1: Upepo

Washa feni ya ndani hadi mwisho. Upepo ni dhaifu? Toa filta ya AC. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Kwa vumbi la huku nimeshaitoa ikiwa imegeuka kipande cha udongo, na mwenye gari hakujua kama kuna filta. Magari mengine ya zamani hayana kabisa, na hapo uchafu wote unaganda kwenye evaporeta yenyewe, ile sehemu ya ndani ya dashibodi inayopoza hewa.

Feni ikifanya kazi namba ya mwisho tu na namba za chini zimekufa, rezista ya feni imeungua. Ni kazi ndogo. Hakikisha pia kitasa cha joto kimefika mwisho wa baridi: kwenye magari haya kinavuta kebo, na kebo ikichomoka maji ya moto ya injini yanaendelea kupita kwenye hita. AC inapoza, hita inapasha, wewe unalaumu gesi.

Hatua ya 2: Je, kompresa inashika?

Injini inaunguruma, boneti wazi, mwenzako abonyeze AC. Kaa mbali na mkanda na feni; kanga, mtandio na mikono mirefu visiwe karibu. Usikilize "tak!" na utazame uso wa mbele wa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi. Puli huzunguka muda wote, lakini sahani ya mbele huzunguka pale tu klachi (sumaku ya umeme inayoiunganisha na puli) inaposhika. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) nayo huyumba kidogo.

Haikushika kabisa: angalia fyuzi, kisha rilei (badilishana na rilei ya honi kama zinafanana), kisha waya wa klachi. Umeme ukifika na klachi imenyamaza, huenda koili imekatika au nafasi kati ya sahani na puli imepanuka kwa uchakavu. Kawaida nafasi hiyo ni chini ya milimita 1. Dalili yake ni AC inayoshika asubuhi na kugoma injini ikishachemka.

Umeme usipofika, huenda swichi ya presha imekata kwa sababu gesi imekwisha. Hapa kuna mafundi wanaiunga moja kwa moja ili kompresa izunguke kwa nguvu. Usikubali. Oili ya kompresa husafiri na gesi. Pasipo gesi, kompresa inajisaga, na chuma chake kinaenda kuziba kondensa na vali. Kazi ya fyuzi inageuka kazi ya kubadilisha mfumo mzima.

Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, hapo ndipo pa kuanza kushuku gesi pungufu.

Hatua ya 3: Mbele ya gari

Kondensa inakaa mbele ya rejeta. Kazi yake ni kutupa nje joto lililotolewa ndani ya gari. Mtu aliyetoka Kaliua au Sikonge wakati wa kiangazi anakuja na kondensa iliyojaa vumbi, mbegu za majani na wadudu, halafu anashangaa. Ioshe kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yake, na yakilala upepo haupiti. Feni yake iwake AC inapowaka.

Kipimo cha bure: AC ikiwa inafanya kazi, mwagia kondensa maji taratibu. Baridi ikiongezeka waziwazi, ugonjwa uko kwenye kondensa au feni. Gesi iache.

Hatua ya 4: Mkono na kioo

Bomba nene linalorudi kwenye kompresa liwe baridi, lenye jasho. Jembamba litokalo kwenye kondensa liwe la uvuguvugu. Lile linalotoka kwenye kompresa kwenda kondensa usilishike, linaunguza. Ukikuta draya (kichujio kinachokausha unyevu kwenye gesi) ina joto upande mmoja na baridi upande wa pili, imeziba.

Toyota nyingi za zamani zina kioo kidogo juu ya draya au kwenye bomba. Mapovu yasiyoisha yanaonyesha upungufu. Kioo kisicho na povu hata moja kina majibu mawili: gesi imejaa, au hakuna hata tone. Hatua ya 2 itakuambia ni lipi.

Hatua ya 5: Tafuta panapovuja

Gesi ikitoka hutoka na oili, na vumbi letu hapa linasaidia: tafuta maungio yenye doa la mafuta lililonasa vumbi jeusi. Kagua oringi za maungio, sili ya shafti ya kompresa, sehemu ya chini ya kondensa inayopigwa na mawe. Povu la sabuni hukamata tundu kubwa. Kwa dogo, fundi atumie rangi inayong'aa kwa taa maalumu. Evaporeta ndiyo ngumu, maana kuifikia ni kushusha nusu ya dashibodi.

Hatua ya 6: Geji

Geji, yaani kipimo cha presha, ni ya fundi, lakini simama utazame. Kwa R134a, gesi ya AC ya kawaida, hewa ya nje nyuzi 30 na kidogo, injini kwenye mizunguko kama 1,500, upande wa chini husoma takriban psi 25 hadi 40, wa juu 200 hadi 250. Pande zote zikiwa chini, gesi haitoshi. Zote juu: gesi imezidi au kondensa haipumui. Chini pakisoma juu na juu pakisoma chini, kompresa imechoka.

Geji ya gari lililozimwa haisemi gesi ni kiasi gani. Kwenye nyuzi 30 itasimama karibu psi 97, iwe ndani mna gramu 200 au 600. Ndiyo maana mfumo uliofunguliwa unavutwa vakyumu (hewa yote inanyonywa kwa pampu) angalau nusu saa, unaachwa kuona kama sindano inarudi, kisha gesi inajazwa kwa mizani kulingana na kibandiko cha chini ya boneti.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa Urambo: Fundi, shikamoo. Carina yangu barabarani baridi safi, nikifika stendi nikisimama inakuwa joto.

*Marahaba. Feni ya kondensa. Ukikimbia, upepo wa barabarani unafanya kazi yake. Ukisimama hakuna wa kuifanya. Fanya kile kipimo cha maji, kisha angalia mota na rilei yake.*

Mama Wawili, Ipuli: Kaka, mbona kapeti la abiria wa mbele linalowa? Mume wangu anasema rejeta.

*Dada yangu, onja kwa kidole, usimeze: kikiwa na utamu au kunata*

*— nafuta hapo, maji ya rejeta ni sumu, usionje. Angalia rangi na harufu tu. Yakiwa maji meupe, mpira wa kutolea maji ya evaporeta umeziba kwa udongo. Uko chini ya gari. Ukizibuliwa yatadondoka nje kama kawaida.*

Msafiri wa Kigoma: Nikitoka Tabora saa nzima ni baridi, nikikaribia Kaliua upepo unakatika. Nikizima AC kidogo, unarudi.

*Evaporeta inaganda barafu. Anza na filta, kisha kihisi cha baridi kinachotakiwa kukata kompresa kabla ya kuganda. Gesi pungufu nayo huleta hali hiyo. Ukiwa njiani, zima AC, acha feni, barafu iyeyuke.*

Kijana wa bodaboda: Kuna fundi anajaza gesi ya kupikia, anasema inapoza kuliko R134a.

*Inapoza, hajakudanganya. Ila inawaka, na evaporeta iko ndani ya gari mlimo watu. Ikivuja vioo vimefungwa na mtu akawasha sigara, basi. Na fundi atakayefuata atafungua mfumo huo bila kujua ana nini mkononi.*

Fundi mwanafunzi, Isevya: Bosi, pampu yangu mpya ya vakyumu haivuki 26 kwenye geji. Kwenye video za Dar wanafika 29. Nimeshairudisha dukani wakanibadilishia, na hii ya pili ni vilevile.

*Pampu zote mbili nzima. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ya hapa ni kama inchi 26 za zebaki tu. Geji inapima tofauti na hewa ya nje, haiwezi kuzidi hapo. Kigoma, ziwani, itafika kama 27. Unachotazama ni sindano kutulia palepale baada ya kufunga vali.*

Fundi mwanafunzi, Isevya: Na mimi nilishagombana na mwenye duka!

*Kamuombe radhi, utahitaji oringi kwake.*