Kabla Hujaongeza Safu ya "Mbari" Kwenye Data Zako

Kwenye utafiti wa afya, safu ya "mbari" huwapanga watu katika makundi kama "weusi" na "weupe". Jiulize kwanza safu hiyo inasimama badala ya nini. Mara nyingi ni jeni fulani, lishe, kipato, au namna mgonjwa anavyohudumiwa. Ukishakijua, kipime hichohicho.

Chukua selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Wengi huuona kuwa ugonjwa wa watu weusi, ilhali jeni yake imeenea palipokuwa na malaria: ipo Afrika Magharibi na ya Kati, na ipo pia Ugiriki, Saudia na India. Anayechagua wa kupimwa kwa kuangalia rangi atamruka Mgiriki aliyeibeba. Pima aina ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni.

Ikibidi mbari ibaki, mshiriki ajitaje mwenyewe; usimkisie kwa kumtazama. Ruhusu majibu zaidi ya moja, uliza pia babu na bibi zake wanne walizaliwa wapi, na ueleze kwenye sehemu ya mbinu nani alipanga makundi. Usiunganishe data za Brazili na za Marekani kabla ya kulinganisha fomu zao, maana mtu yuleyule huweza kuangukia kundi jingine akivuka mpaka.

Kwenye uchambuzi, jihadhari na programu za kugawa sampuli katika makundi ya kijeni. Idadi ya makundi unaiweka wewe: ukiandika 5, utapewa 5. Mipaka nayo huonekana mikali zaidi sampuli zikitoka sehemu zilizo mbalimbali sana, kwa kuwa katikati hapakuchukuliwa kitu. Mwanajenetiki Richard Lewontin alikokotoa mwaka 1972 kwamba takriban 85% ya tofauti za kijeni zimo ndani ya jamii moja. Hilo halizuii kukadiria asili ya mababu kwa kutumia alama nyingi za kijeni kwa pamoja. Ila asili hiyo si mbari.

Kosa baya zaidi ni kuiingiza mbari ndani ya fomula. Ile ya CKD-EPI ya mwaka 2009, inayokadiria uwezo wa figo kuchuja damu, ilizidisha jibu la mgonjwa mweusi kwa 1.159. Hivyo 52 ikawa 60, na kiwango cha chini ya 60 ndicho kinachoashiria ugonjwa sugu wa figo kikidumu zaidi ya miezi 3. Kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu) ileile, umri uleule, jinsia ileile. Mmoja anaambiwa figo zimepungua nguvu, mwingine anarudishwa nyumbani. Tumia toleo la 2021, lililoondoa kizidisho hicho. Ukihofia kuwa wingi wa misuli unapotosha kreatinini, ongeza kipimo cha sistatini C, protini ya damu ambayo misuli huiathiri kidogo zaidi.