Somo: Maana na Matumizi ya Neno la Kiingereza "Confusion"

Somo hili linahusu nomino "confusion", kitenzi chake "confuse" na vivumishi viwili vinavyotokana nacho, "confused" na "confusing". Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuchanganya, kinachofanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno kadhaa, na ndiyo maana mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno huishia kusema jambo ambalo hakulikusudia. Hatua ya pili na ya tatu ndizo zenye uzito, nazo zisomwe polepole.

Hatua ya kwanza: Litamke neno lenyewe

"Confusion" lina silabi tatu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili, inayosikika kama "fyuu". Sauti inayofuata haimo katika Kiswahili sanifu: ni kama "sh", ila koo hutetemeka wakati wa kuitamka, kama inavyosikika katikati ya "vision" na "measure". Weka kidole kooni, sema "sh" kwa muda mrefu, kisha ongeza sauti mpaka uhisi mtetemo. Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "confundere", yaani kumimina vitu pamoja, kwa hiyo picha iliyomo ndani yake inakaribiana sana na ile ya kuchanganya.

Hatua ya pili: Amua ni nani aliyechanganyikiwa na ni kipi kinachochanganya

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anataka kusema kwamba hajaelewa, naye anaandika "I am confusing", sentensi ambayo maana yake ni kwamba yeye ndiye anayewachanganya wenzake. Alipaswa kuandika "I am confused". Dawa ya kosa hili tunayo katika lugha yetu wenyewe, kwa sababu Kiswahili nacho hutenganisha pande hizi mbili kwa mnyambuliko: maelezo yananichanganya, mimi nimechanganyikiwa. Iandike sentensi yako kwanza kwa Kiswahili. Kitenzi kikija kwa umbo la kuchanganyikiwa, tumia "confused". Kikiwa kinaeleza kitu au mtu anayemchanganya mwingine, tumia "confusing".

Msidhani kwamba "confusing" ni la vitu na "confused" ni la watu. "The teacher was confusing" ina maana kwamba ufundishaji wa mwalimu uliwachanganya wanafunzi, ilhali "The teacher was confused" ina maana kwamba mwalimu mwenyewe hakuwa ameelewa. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, na kwa sababu hiyo programu ya kusahihisha maandishi inaweza kuipitisha ile usiyoikusudia bila kukuonya.

Hatua ya tatu: Tenganisha "confuse" na "mix"

Tuchukue sentensi hii: "Alichanganya dawa mbili." Msomaji wa Kiswahili anaweza kuielewa kwa namna mbili. Huenda mtu huyo alizitia dawa zote mbili katika chombo kimoja, na hapo Kiingereza kinataka "He mixed two medicines". Huenda pia alichukua dawa moja akidhani ni nyingine, na hapo ni "He confused two medicines". Aliye kazini hospitalini au dukani kwa mfamasia anaona mara moja jinsi tofauti hii ilivyo kubwa, kwa kuwa hatua za kuchukua baada ya kosa la kwanza si zile za baada ya kosa la pili.

Unapotaja vitu viwili vinavyodhaniwa kuwa kimoja, tumia kihusishi "with": "Many people confuse Austria with Australia." Katika mazungumzo ya kawaida utasikia pia "mix up" kwa maana hiyo hiyo, na neno dogo "up" ndilo linaloiondoa sentensi jikoni na kuipeleka akilini.

Hatua ya nne: Itumie nomino

"Confusion" kwa kawaida haihesabiki. Sema "a lot of confusion", usiseme "many confusions". Jambo lenyewe hutanguliwa na "about" au "over", na vitu viwili hutanguliwa na "between". Katika barua rasmi, "to avoid confusion" ni sawa na "ili kuepusha mkanganyiko".

Hatua ya tano: Rudi kwenye Kiswahili kwa uangalifu

Mkanganyiko hufaa pale ambapo habari hazieleweki au zinapingana. Hali ya mtu mmoja ni kuchanganyikiwa. Vurumai ya watu wengi ni jambo jingine: "In the confusion, she lost her bag" ni "Katika vurumai ile, alipoteza mkoba wake." Ninashauri neno utata liachwe kwa ajili ya "ambiguity", kwa sababu utata umo katika maneno yenyewe hata kabla hajatokea mtu wa kuyasoma.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Wakorintho wa Kwanza 14:33, kuna "confusion", lakini Biblia yetu ya Union Version inasema Mungu si Mungu wa machafuko. Je, tafsiri hizi zinapingana?

Jibu: Marahaba. Hazipingani. Paulo anazungumzia ibada ambamo watu wananena bila utaratibu, kwa hiyo maana inayotakiwa ni ile ya vurugu, na "machafuko" limeibeba vizuri.

Swali: Je, ni "confused by" au "confused about"?

Jibu: Zote zipo. "By" hutaja kilichokuchanganya; "about" hutaja jambo usilolielewa.

Swali: Mwalimu, ninatunza wazee nchini Uingereza, na kwenye fomu ya vipimo vya wagonjwa nimekuta "new confusion". Je, ina maana kwamba mgonjwa amepata wazimu?

Jibu: Hapana, na ni muhimu sana usiitafsiri hivyo mbele ya familia yake. Maneno hayo yaliingizwa katika NEWS2, mfumo wa Uingereza wa kupima kwa alama jinsi hali ya mgonjwa ilivyo mbaya, uliotolewa mwaka 2017, kuonyesha kwamba fahamu za mgonjwa zimevurugika karibuni: hajui alipo, hajui ni siku gani, au anajibu yasiyoulizwa, ilhali awali hakuwa hivyo. Katika mfumo huo dalili hii peke yake ina alama 3, na hutaka mgonjwa aangaliwe kwa haraka, kwa sababu maambukizi au upungufu wa oksijeni unaweza kuileta. Kwa Kiswahili sema "ameanza kuchanganyikiwa ghafla", kisha ueleze ulichokiona. Katika ripoti ya Kiingereza pia usiishie kwenye "She is confused". Ongeza "She does not know where she is, and this started this morning", ili daktari ajue ni lini hali ilibadilika.