Beetle ya sisi (cc) 1776: pima kabla hujafunga

Injini ya Volkswagen Beetle ya 1600 ina pistoni za milimita 85.5, na mwendo wa pistoni ni milimita 69. Ukiiacha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ile ile na kuweka pistoni za 90.5, unapata sisi 1776. Kwa gari la kutembelea kila siku mimi naishia hapo. Za 94 zipo, ila joto lake utalijua. Hata hizo 90.5 haziingii hivi hivi, lazima bloku na hedi zichongwe.

Kazi yenyewe ni kupima. Funga pistoni bila ringi, bana silinda yake, zungusha krenki mpaka pistoni ifike juu kabisa, uone imebaki chini ya mdomo wa silinda kwa kiasi gani. Tuseme milimita 1.5: nafasi iliyobaki juu yake ni sisi 9.65. Hedi nayo, ikiwa na valvu na plagi, ifunike kwa plastiki ngumu yenye tundu, paka grisi pembeni, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano. Ikimeza 54, jumla ni 63.65. Pistoni ikipanda inafagia sisi 444. Jumlisha vyote viwili, gawanya kwa 63.65: mgandamizo karibu 8 kwa 1, na petroli ya kawaida inauvumilia. Rudia silinda zote nne. Maandishi ya kwenye boksi la spea yasikutoshe.

Krenki icheze mbele na nyuma milimita 0.07 hadi 0.13. Mwanya wa valvu uwe milimita 0.15, injini ikiwa baridi.

Kama kemshafti (mhimili unaofungua valvu) ni mpya, ikiwaka tu ishike mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika 20. Usiiache ingurume polepole, utaila kemshafti.

Sasa, ukikanyaga inasita. Kila mtu hukimbilia kufungua kabureta! Anza na taimingi, yaani wakati plagi zinapotoa cheche: kwa distributa (kigawa umeme wa plagi) ya aina ya 009, iwe karibu digrii 30 kabla pistoni haijafika juu, mizunguko ikipita 3000. Ikiwa sawa, zima injini, chungulia kooni mwa kabureta huku ukivuta waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta. Petroli iruke papo hapo kama mshale. Ikidondoka kivivu, kiwambo cha pampu ndogo ya kabureta kimechanika.

Inachemsha? Kagua mabati na mpira unaozunguka injini. Pakiwa na mwanya, feni inavuta hewa moto ya chini, na hakuna kabureta itakayoponya hilo.