Unajenga Tanga ukiwa Marekani? Kopa kwenye 401(k), usiivunje

Juzi mdogo wangu aliyeko Houston kanipigia, kiwanja chake cha Pongwe msingi ushamwagwa, tofali zimepangwa, fundi anadai, na yeye anataka kuitoa yote 401(k) yake, ile akiba ya kustaafu ya kazini kwao Marekani. Nikamwambia tulia kwanza. Mimi enzi nipo hukohuko nilihama kazi nikakuta dola 20,000 zimekaa kwenye 401(k) ya kazi ya zamani, nikazichukua zote badala ya kuzihamishia kwenye mfuko wa kazi mpya, wakakata asilimia 20 palepale nikapata 16,000 nikajua yamekwisha. Kumbe kufika mwezi wa nne kodi imesoma 4,400 na faini ya asilimia 10 ni 2,000, nikadaiwa 2,400 nyingine na hela zote zishakuwa ukuta. Nyumba ikakaa bila bati, mama anapita anaitazama tu. Iliniuma sana.

Sasa kama bado uko kazini, nenda HR uulize mfuko wenu unakopesha au la, maana si yote. Halafu angalia hela ambayo ni yako kabisa, kwa sababu ile anayoongezea mwajiri nyingine haiwi yako mpaka utimize miaka waliyopanga. Unakopa mpaka nusu yake, na haivuki 50,000. Riba ipo ila inarudi kwenye akaunti yako mwenyewe, kodi hakuna, faini hakuna, ili mradi umalize ndani ya miaka 5. Utasikia mkopo wa nyumba unapewa muda zaidi, ni kweli, lakini nyumba unayokaa wewe, sio ya Pongwe wakati unalala Houston.

Piga hesabu ya makato: 15,000 kwa miezi 60 ni 250 kila mwezi, riba bado, na hapo kuna pango na hela ya kutuma nyumbani.

Pabaya ni ukiacha kazi au ukipunguzwa, mara nyingi deni lote linadaiwa, na usipoweka kiasi hicho kwenye IRA, yaani akaunti ya kustaafu unayofungua mwenyewe, kabla ya tarehe ya mwisho ya kupeleka ritani ya kodi (fomu ya mapato) ya mwaka huo wanahesabu umezitoa, unalipa kodi na mara nyingi ile faini ya asilimia 10 juu kama hujafika miaka 59 na nusu. Kwahiyo kama kazini kuna fununu za kupunguza watu, usiguse kabisa.

Mdogo wangu tumekubaliana akope 6,000 tu, ukuta ufike lenta, bati atanunua mwakani kwa mshahara.